Usawa wa bahari ni upi, ikiwa bahari yenyewe haitulii?

Msomaji wetu mmoja wa Bagamoyo ameuliza hivi: "Shuleni tulifundishwa kwamba kilele cha Kilimanjaro kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Mimi nimekulia pwani. Wakati wa bamvua maji hujaa mpaka yakagusa ukuta wa nyumba yetu, na baada ya saa sita hupwa hata watu wakatembea kwa miguu kwenda kuchokoa pweza. Usawa unaotajwa ni upi kati ya hiyo yote? Tena tunasikia kwamba bahari inapanda milimita tatu au nne kwa mwaka. Milimita hizo zinaonekanaje ndani ya maji yanayopanda na kushuka mita tatu na zaidi kila siku? Marehemu baba alichonga alama ukutani mwaka 1987 pale maji ya bamvua yalipofika. Je, alama hiyo inaweza kuniambia lolote?"

Ndugu msomaji, usawa wa bahari hauko mahali popote unapoweza kuuona kwa macho. Hakuna saa ya siku ambayo maji hufika hapo yakakaa. Usawa huo ni wastani unaopatikana kwa hesabu, na wastani wa namna hiyo ni lazima upimwe kutoka kwenye kitu fulani ambacho watu wamekubaliana kukifanya sifuri. Ndiyo maana mtu akikutajia usawa wa bahari, kabla hujamuuliza ni kiasi gani, muulize kwanza: umepima kutoka wapi? Maswali yako yote matatu, la mlima, la milimita na la ukuta wa baba yako, yanafunguka kwa ufunguo huo mmoja.

Nianze na njia kongwe, kwa sababu nyingine zote bado zinaitegemea. Simamisha ufito wenye vipimo pembeni mwa gati, usome maji yamefika wapi, uandike. Tabu ya kwanza ni mawimbi, maana maji hayatulii hata kwa muda wa kusoma namba. Dawa yake ni bomba refu lililosimama wima majini, lenye tundu dogo upande wa chini. Wimbi la sekunde kadhaa halipati nafasi ya kupenya kwenye tundu hilo kabla halijarudi, lakini kujaa na kupwa, ambako huchukua saa nyingi, huingia bila shida, na kwa hiyo maji ya ndani ya bomba hupanda na kushuka kwa utulivu. Tangu miaka ya 1830 boya dogo ndani ya bomba la aina hiyo liliunganishwa na kalamu iliyochora mstari kwenye karatasi inayozungushwa na saa, usiku na mchana. Siku hizi vituo vingi hutumia rada ndogo inayoning'inizwa juu ya maji, au kifaa kilicho chini ya maji kinachopima uzito wa maji yaliyo juu yake, na namba hutumwa kwa setilaiti kila baada ya dakika chache.

Kumbukumbu za namna hii zilianza kuwekwa Amsterdam mwaka 1700, Liverpool mwaka 1768, Stockholm mwaka 1774 na Brest, Ufaransa, mwaka 1807. Tangu mwaka 1933 kuna taasisi huko Liverpool ambayo kazi yake ni kukusanya na kuhifadhi wastani wa kila mwezi na wa kila mwaka kutoka vituo vya dunia nzima. Kwetu, kumbukumbu ya Unguja inaanzia mwaka 1984. Ni changa ikilinganishwa na hizo za Ulaya, lakini kwa Afrika Mashariki ni miongoni mwa zile tunazozithamini sana, kwa kuwa upande huu wa Bahari ya Hindi vituo ni vichache mno.

Sasa tuufanye huo wastani. Kwetu maji hujaa mara mbili kwa siku, na kati ya maji makuu na makuu mengine hupita takriban saa 12 na dakika 25. Ukichukua vipimo vya kila saa kwa mwezi mzima ukavifanyia wastani, kujaa kunafuta kupwa, na bamvua inafutana na maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana. Lakini wastani wa mwezi wa Januari hautalingana na wa Julai, kwa sababu kaskazi na kusi husukuma maji kila mmoja kwa njia yake, joto la bahari hubadilika, na mgandamizo wa hewa nao hubadilika: ukishuka kwa milibari 1, maji huinuka kwa kiasi cha sentimita 1. Basi chukua mwaka mzima. Hata huo hautoshi. Njia ya mwezi kuizunguka dunia hubadilika mwinamo wake polepole, na mzunguko huo hukamilika kwa miaka 18.6. Katika muda huo nguvu ya kujaa na kupwa huongezeka na kupungua kidogo kidogo. Ndiyo sababu wapima bahari wakitaka wastani wa kutegemewa huchukua miaka 19, namba kamili ya miaka inayozibeba pamoja misimu na safari hiyo ndefu ya mwezi.

Kuna jambo ambalo watu wengi hulisahau, nami naliona ndilo uti wa mgongo wa kazi yote. Ufito unaweza kugongwa na jahazi, gati linaweza kudidimia, na kifaa kitabadilishwa mara nyingi katika maisha ya kituo. Kwa hiyo nchi kavu, kwenye mwamba au kwenye jengo imara lililo karibu, huwekwa alama za rejea za shaba au chuma, na wapima ardhi hurudi tena na tena kuhakikisha kwamba sifuri ya ufito iko chini ya alama hizo kwa kiasi kile kile kilichoandikwa. Kituo kilichopoteza alama zake hakiwezi tena kuunganisha namba za zamani na za sasa, hata kama karatasi zote zimehifadhiwa vizuri.

Kutoka kwenye alama hizo ndipo nchi hupata sifuri ya ramani zake. Uingereza ilichukua wastani wa maji ya Newlyn, kijiji cha wavuvi kilichoko Cornwall, wa kuanzia mwaka 1915 hadi 1921. Ufaransa ilichukua wa Marseille. Uholanzi na Ujerumani hutumia sifuri ya Amsterdam. Tanzania bara tulichukua wastani wa maji ya Tanga. Sifuri hizi hazilingani, kwa kuwa bahari haikai kwa usawa mmoja kila mahali, na anayedhani zinalingana anaweza kuingia hasara. Mji wa Laufenburg umegawanywa na mto Rhine, upande mmoja Ujerumani na upande mwingine Uswisi, ambayo vimo vyake vinatokana na bahari ya Marseille. Walipokuwa wakijenga daraja jipya, wahandisi walijua vizuri kwamba kati ya sifuri hizo mbili kuna tofauti ya sentimita 27. Walikusudia kuirekebisha, lakini alama ya kujumlisha na ya kutoa zikabadilishana nafasi, na mwaka 2003 ikagundulika kwamba pande mbili za daraja zinapishana kwa sentimita 54.

Turudi kwenye Kilimanjaro. Mlima uko mbali na bahari, na hakuna maji chini yake ya kuyapima. Wapima ardhi huanzia kwenye alama ya pwani na kupanda nchi kavu kwa darubini na fito, hatua kwa hatua, wakijumlisha tofauti za kimo. Kila wanaposimamisha darubini huiweka sawa kwa kutumia povu la maji, na povu hilo hufuata nguvu ya uvutano wa dunia pale walipo. Maana yake ni kwamba bila kuiona, wanaifuata sura fulani iliyotandaa chini ya nchi kavu. Sura hiyo tunaiita jioidi. Ifikirie kuwa ndiyo umbo ambalo maji ya bahari yangelichukua kama pepo, mikondo na kujaa na kupwa vingekoma kabisa, na kama mifereji ingechimbwa chini ya mabara ili maji hayo hayo yafike hadi chini ya Kibo. Kimo cha mlima ni umbali kutoka hapo kwenda juu.

Jioidi hii haiko laini kama yai. Miamba ya dunia haina uzito sawa kila mahali, na palipo na uvutano zaidi maji hujikusanya, palipo na upungufu hubonyea. Wanahesabu hutumia umbo laini la kulinganishia linaloitwa elipsoidi, yaani tufe lililobanwa kidogo kwenye ncha zake, na ukiilinganisha jioidi na umbo hilo utaona kwamba kusini mwa Sri Lanka bahari imebonyea takriban mita 106, na karibu na Papua Guinea Mpya imeinuka takriban mita 85. Nahodha anayesafiri kutoka huku kwenda huko haoni mteremko wala mpando, wala chombo chake hakitumii nguvu ya ziada, kwa sababu kila mahali uso wa maji umekaa wima na uvutano wa pale. Pwani yetu nayo iko ndani ya ukingo wa bonde hilo la Bahari ya Hindi. Kifaa cha GPS hupima kwanza kutoka kwenye elipsoidi, na kama hakijafanyiwa marekebisho ya jioidi, ukisimama nacho ufukweni Bagamoyo kitakuambia uko zaidi ya mita 20 chini ya sifuri, ilhali miguu yako ni mikavu.

Namba 5,895 uliyofundishwa ilitokana na upimaji wa mwaka 1952. Mwaka 1999 kilele kilipimwa kwa GPS na kupatikana takriban mita 5,892, na upimaji wa mwaka 2008 ukatoa takriban 5,891. Tofauti hizo haziwi ushahidi kwamba mlima umepungua kimo. Vyombo vimebadilika, na pia ujuzi wetu wa mahali jioidi inapopita chini ya mlima mzito kiasi hicho umebadilika. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hili: usawa unaotajwa si wa bamvua wala wa maji yaliyopwa. Ni wastani wa maji uliopimwa pwani kwa muda, kisha ukapelekwa bara kwa kufuata uvutano wa dunia. Nitaje kwa kupita kwamba ramani za mabaharia zina sifuri nyingine, iliyowekwa chini kabisa karibu na maji yanapopwa sana, kwa sababu nahodha hana haja na wastani. Anachotaka ni kuhakikishiwa kwamba kina kilichoandikwa hakitampungukia.

Sasa milimita. Kituo cha pwani hupima maji yakilinganishwa na ardhi ambayo kituo kimesimama juu yake, na ardhi nayo haitulii. Huko Stockholm kumbukumbu ya zaidi ya miaka 200 inaonyesha bahari ikishuka. Bahari ya huko haikauki. Barafu nene iliyoigandamiza Skandinavia maelfu ya miaka iliyopita iliyeyuka, na nchi bado inajiinua polepole, kwa kasi kuliko maji yanavyopanda. Jakarta mambo ni kinyume: watu wamefyonza maji mengi kutoka chini ya mji, ardhi imedidimia, na bahari inaonekana kupanda kwa kasi ambayo maji peke yake hayawezi kuieleza. Kwa mtu anayeishi pwani, kipimo hiki cha maji dhidi ya ardhi ndicho chenye maana, kwa kuwa ndicho kitakachoamua kama nyumba yake itaingiliwa na maji. Lakini kwa mtu anayetaka kujua kama bahari yenyewe imeongezeka, kinahitaji kutenganishwa na mwendo wa ardhi, na ndiyo sababu vituo vingi leo vimefungwa GPS pembeni mwake.

Njia ya pili huiacha ardhi kabisa na kupima kutoka kitovu cha dunia. Agosti 1992 Marekani na Ufaransa zilirusha setilaiti iitwayo TOPEX/Poseidon, nayo imefuatwa na Jason-1 mwaka 2001, Jason-2 mwaka 2008, Jason-3 mwaka 2016 na Sentinel-6 Michael Freilich mwaka 2020. Zote zimewekwa kwenye njia moja, kilomita 1,336 juu, zikirudia mapito yale yale kila baada ya siku 10 hivi. Setilaiti hupiga rada moja kwa moja chini, mwangwi hugonga uso wa maji na kurudi, na muda wa safari hiyo, ambao ni karibu sehemu 9 za elfu za sekunde, hutoa umbali. Mahali setilaiti ilipo hujulikana kwa leza kutoka ardhini, kwa GPS na kwa mitambo ya redio. Ukitoa umbali wa kwenda kwenye maji kutoka kwenye kimo cha setilaiti, unabaki na kimo cha uso wa bahari juu ya elipsoidi.

Ugumu uko katika marekebisho. Ukikosea muda kwa sehemu moja tu ya bilioni ya sekunde, umekosea sentimita 15. Hewa kavu peke yake huichelewesha rada kiasi cha kuufanya umbali uonekane mrefu zaidi kwa mita 2.3, na mvuke wa maji huongeza sentimita nyingine makumi kadhaa zinazobadilika siku hadi siku, kwa hiyo setilaiti hubeba chombo maalumu cha kuupima mvuke huo wakati huo huo. Baada ya kusahihisha yote, pigo moja hubaki na shaka ya sentimita chache. Hapo ndipo swali lako la pili linapopata jibu lake. Katika siku 10 vipimo ni mamia ya maelfu, vimeenea kutoka nyuzi 66 kaskazini hadi nyuzi 66 kusini. Wakati maji yanajaa Bagamoyo, kwingineko yanapwa, na makosa ya kubahatisha hufutana katika wingi huo. Isitoshe, njia ya setilaiti ilichaguliwa kwa makusudi isifungamane na jua. Kama ingekuwa inapita juu ya Unguja kila mara saa nane mchana, ingekuta kila siku sehemu ile ile ya kujaa na kupwa kunakosababishwa na jua, na kosa hilo lisingefutika hata kwa miaka mia. Kila setilaiti mpya hurushwa kabla ya ile ya zamani kuzimwa, na huruka nayo kwa miezi kadhaa zikiachana kwa dakika moja hivi, zikipima maji yale yale, ili tofauti ya vyombo isije ikadhaniwa kuwa tofauti ya bahari. Nao ufito wa zamani hauachwi: vituo vya pwani ndivyo vinavyotumika kuchunguza kama setilaiti zinapotoka polepole.

Hata hapa ni lazima useme unapima nini. Sakafu ya bahari yenyewe inaendelea kudidimia kidogo kutokana na kuondoka kwa barafu ile ya kale, hivyo watafiti huongeza takriban milimita 0.3 kwa mwaka kwenye namba ya setilaiti, kwa sababu wanataka kujua maji yameongezeka kiasi gani, mbali na chombo kilichoyabeba kuwa kirefu zaidi. Nayaona marekebisho hayo kuwa halali, maadamu yanatajwa wazi. Namba zenyewe, kama zilivyokusanywa na jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, ni kupanda kwa takriban sentimita 20 kati ya mwaka 1901 na 2018, kwa mwendo wa milimita 1.3 kwa mwaka hadi mwaka 1971, na wa milimita 3.7 kwa mwaka kuanzia 2006 hadi 2018. Kuna uhakiki mwingine uliojitegemea: maboya yapatayo 4,000 yanayozama na kuibuka duniani kote hupima joto la bahari, ambalo hutuambia maji yametanuka kiasi gani, na setilaiti za GRACE na zilizozirithi, tangu mwaka 2002, hupima kwa uvutano uzito wa maji yaliyoingia baharini kutoka kwenye barafu. Ukijumlisha hayo mawili unapata karibu kile kile ambacho rada ilikiona, na kwangu mimi huo ndio ushahidi wenye nguvu kuliko wote.

Sasa ukuta wa baba yako. Alama ya siku moja ya bamvua imebeba ndani yake mwezi na jua vya siku hiyo, upepo, mgandamizo wa hewa na mawimbi yaliyorukia ukutani, na bamvua za Machi na Septemba huwa kubwa kuliko nyingine. Bahari ya dunia imepanda kiasi cha sentimita 10 tangu mwaka 1993, na bamvua mbili za mwaka mmoja zinaweza kupishana zaidi ya hapo. Kwa hiyo usilinganishe alama hiyo na maji ya siku yoyote tu. Lakini usiidharau. Kama mtu wa nyumbani anakumbuka tarehe, au hata mwezi, kujaa kwa siku hiyo kunaweza kukokotolewa kwa kurudi nyuma, kwa sababu mwendo wa mwezi na jua unajulikana barabara. Tena mwaka 1987 una bahati yake. Mzunguko ule wa miaka 18.6 niliokueleza uliufikisha mwezi kwenye mwinamo wake mkubwa mwaka huo, wakati ambapo bamvua za pwani yetu hupungua kwa sentimita kadhaa, na umerudi katika hali hiyo hiyo mwaka 2006 na tena karibu na mwaka 2024 na 2025. Kulinganisha bamvua za miaka hiyo mitatu ni haki zaidi kuliko kulinganisha 1987 na 1997.

Usichanganye alama hiyo na ufukwe kuliwa. Mchanga huondoka pia kwa kuchotwa, kwa mikoko kukatwa na kwa mikondo kubadilika, hata mahali ambapo maji hayajapanda kwa kiasi cha kuonekana. Tazama ukuta. Chagua siku tulivu za bamvua, uandike tarehe, saa na mahali maji yalipofika, na ufanye hivyo kwa bamvua zote za mwaka badala ya moja. Kisha mwombe mpima ardhi wa wilaya aziunganishe alama ya baba yako na yako mpya na alama ya rejea ya serikali iliyo karibu, iliyowekwa kwenye mwamba. Kama nyumba imesimama juu ya mchanga na ukuta umedidimia sentimita 5 tangu mwaka 1987, alama imeshuka pamoja nao, na bila ya kipimo hicho utazihesabu sentimita hizo 5 kuwa ni za bahari.